Puto Dogo Lilivyonywea

"Hushuka." Mwalimu wa fizikia alisoma jibu langu kwa sauti, akiishika karatasi kwa ncha za vidole kama soksi chafu. "Eti puto likipanuka, shinikizo la hewa ndani yake hushuka. Huyu hewa imemwingia kichwani."

Darasa likacheka mpaka madawati yakalia. Nilipewa sufuri katika swali hilo, na kwa upungufu wa alama tatu nikakosa nafasi ya kusoma sayansi.

Jibu lile sikuliokota njiani. Mama yangu alikuwa mpambaji wa kumbi za sherehe, na tangu nina miaka saba tulipuliza maputo pamoja. Mashavu yangu yalijua kabla ya kichwa: pumzi za mwanzo hukutoa machozi, mpira umekaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Ukishakubali, zinazofuata huingia kwa ulaini, na mpira haukazi tena mpaka ukaribie kupasuka.

Jumatatu Mama alinishika mkono hadi chumba cha walimu, viwiko vyake bado vimeganda gundi ya kazini. Akaweka mezani maputo mawili ya aina moja, kubwa kama kichwa na dogo kama ngumi, yameunganishwa kwa mrija uliobanwa katikati na kibanio cha nguo.

"Mwalimu, nikitoa kibanio, hewa itakwenda wapi?"

"Kubwa litalijaza dogo mpaka yalingane, mama. Hilo halihitaji shule."

Akatoa kibanio. Dogo likanywea, taratibu, likabaki kama punje ya kitunguu saumu. Kubwa likazidi kutuna; shinikizo lilikuwa kali zaidi ndani ya dogo, kama nilivyojibu.

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari waliweka kalamu chini. "Hebu rudia," mmoja akasema. Mama akarudia. Ikawa vilevile.

"Kuna mahali panavuja," mwalimu akasema.

"Panavujaje, na hili limeongezeka?"

Mwalimu alitazama saa yake. "Fizikia haifanywi kwa mashavu. Alama zimeshapelekwa. Binti yako ushonaji utamfaa. Sasa nitolee takataka zako mezani."

Wale wawili wakarudia madaftari yao. Waliona kwa macho yao, mara mbili.

Nilishona miaka minne. Kisha nikarudia mtihani kwa kujisomea, na leo napima mitungi ya gesi kiwandani. Hautoki mtungi getini bila sahihi yangu. Watu huniambia, basi, yaliyopita si ndwele. Nawaitikia tu. Ile sufuri nilishaisahau siku nyingi. Kinachonichemsha damu mpaka leo ni Mama, alivyokunja mrija wake, akaokota na kipande cha uzi kisichokuwa chake, akainamisha kichwa mlangoni na kusema, "Asante kwa muda wako, mwalimu."