Jina Kwenye Kalavati

Saa moja asubuhi Paskazia alikuwa amesimama chini ya barabara mpya, maji ya korongo yakimfika magotini, akiingiza kidole katika ufa wa ukuta wa kalavati. Juzi kidole kiliingia hadi mwisho wa ukucha. Leo kilizama hadi kifundo cha pili, na alipokichomoa kilitoka na udongo mwekundu, mlaini, uliolowa kabisa.

Udongo ule aliujua. Aliuchimba kwa mikono yake mwezi wa nane, kwenye kichuguu nyuma ya kambi ya wajenzi, siku ambayo mifuko ya saruji ilipakiwa tena kwenye lori na kurudishwa Mwanza gizani. Waliushindilia pamoja na mawe, kisha yeye akapiga lipu kwa juu, nyembamba, laini. Kazi ya kupiga lipu alikuwa ameipata kwa jasho. Tangu mumewe apunguzwe kazi kiwandani alibeba kokoto kichwani mwaka mzima, na kati ya wanawake wote wa kambi ni yeye peke yake aliyekabidhiwa mwiko wa fundi.

Juu ya ufa kulikuwa na maandishi: PASKAZIA 8/1997.

Msimamizi wa kazi, kijana aitwaye Ndalahwa, ndiye aliyempa msumari siku ile lipu ikiwa bado mbichi. "Andika, mama. Fundi huweka jina." Herufi alizisoma ukubwani, katika darasa la watu wazima, na kabla ya hapo hakuwahi kupata mahali pa kuziandika ambapo zingedumu. Aliandika polepole, ulimi ukiwa kati ya meno. Wenzake walimpigia makofi. Hakufikiria, hata kidogo, kilichokuwa nyuma ya lipu.

"Shikamoo, mama."

Aliinua uso. Viatu vya Ndalahwa vilikuwa ukingoni mwa lami, vimepakwa rangi upya kwa ajili ya wageni.

"Marahaba."

"Unavua kambare huko?"

Vibarua wawili waliokuwa wakipanga ndoo za maji ya kunywa walicheka.

"Ufa umekua, Bwana Ndalahwa. Mvua ya usiku..."

"Panda juu. Watu wameshaanza kukimbia."

Alipanda akishika majani. Barabara ilinyooka mbele yake kuelekea Magu, nyeusi, haina alama ya gurudumu. Mapipa yaliyofunga njia yalikuwa yameondolewa asubuhi hiyo tu. Kabla ya kufunguliwa kwa magari Jumatatu, wakubwa walikuwa wameandaa mbio za hisani, kilomita kumi, ili zipatikane fedha za vitanda vya wodi ya watoto. Wangekimbia wauguzi, makarani na wanafunzi. Nyuma yao lingekuja lori lenye bendi ya matarumbeta, na nyuma ya lori gari la mgeni rasmi. Katika wanafunzi alikuwamo Odeta, binti yake, wa kidato cha pili.

"Wapitishe kwenye ile njia ya mchepuko," Paskazia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyokusudia. "Na lile lori lisipite kabisa. Nakuomba."

"Mchepuko umejaa matope. Mgeni rasmi apite matopeni, barabara ipo?"

"Basi nitamwambia mwenyewe."

"Mwambie." Ndalahwa aliongea kwa upole, kama mkwe anayeagiza salamu za nyumbani. "Atauliza nani amejenga hapa. Mimi jina langu sijaliandika popote. Mhandisi hakuliandika. Kampuni imeshang'oa kibao chake. Mgeni atateremka pale chini, atavaa miwani, atasoma. Unadhani atasoma nini?"

Paskazia alifuta kidole chenye udongo kwenye kanga.

"Utalala Butimba, mama. Gerezani, si kwenye chuo cha ualimu."

Kibarua mmoja alikohoa, akageuka kutazama upande wa pili.

Filimbi ilisikika mbali. Kisha wakaonekana, kundi la fulana nyeupe juu ya lami nyeusi, na kabla hajasikia sauti zao alizisikia nyayo zao katika nyayo zake. Ardhi ilikuwa ikigonga. Alijaribu kuhesabu watu, akashindwa. Miguu yake ilimpeleka katikati ya barabara bila kumwuliza.

"Piteni huku! Teremkeni!" Alitanua mikono. "Teremkeni, wanangu!"

Wakadhani anawashangilia. Walipita kulia na kushoto kwake wakicheka, mmoja akamgonga kiganja, mwingine akapaza sauti, "Mayu, mama yetu, jiunge nasi!" Miguu mia ilipita juu ya kalavati, na kila mguu aliuhisi ndani ya kifua.

Odeta alisimama mbele yake, akihema, uso umewaka kwa haya.

"Mama, toka njiani. Watu wote wanakutazama."

"Shuka pembeni, mwanangu. Pita chini."

"Nikitoka barabarani wananifuta. Mimi ni wa tatu kwa wasichana, mama! Kwani kuna nini?"

Paskazia alifungua kinywa. Nyuma ya Odeta alisimama Ndalahwa, ameshika kikombe cha maji, anatabasamu kama mjomba.

"Kuna nini?" Odeta alirudia.

"Hakuna kitu," Paskazia alisema. "Jua limenipata."

Odeta alipokea kikombe, akasema, "Ahsante, baba," akanywa nusu, akajimwagia iliyobaki kichwani, akakimbia. Mama yake alihesabu hatua zake juu ya kalavati. Zilikuwa sita. Baada ya ile ya sita alivuta pumzi.

Likaja lori. Kibarua mmoja alimvuta Paskazia kwa mkono hadi kando. Bendi ilikuwa ikipiga kwa nguvu, wapigaji wamesimama, tarumbeta zikimetameta, na gurudumu la nyuma lilipogusa ukingo wa kalavati kitu kilidondoka chini majini. Kikafuata kingine. Ni yeye na Ndalahwa tu waliosikia, na waligeukiana kwa pamoja. Katika macho ya kijana yule, kwa mara ya kwanza, aliona woga kama wa kwake. Haukudumu. Gari la mgeni rasmi lilipita, mkono ukapunga dirishani, na Ndalahwa naye akapunga.

Kalavati ilibaki imesimama.

Mchana kipaza sauti kilisikika kutoka uwanjani: fedha zimepatikana, barabara ni salama, mabasi yataanza keshokutwa. Basi la kwanza ndilo litakalomrudisha Odeta shuleni.

Saa kumi Ndalahwa alirudi na mfuko wa saruji. Ulikuwa mfuko mzima wa kwanza kufunguliwa pale korongoni.

"Piga lipu, mama. Kesho mkaguzi anapita."

Alichanganya, akateremka, akapiga. Aliziba ufa. Kisha, akiwa amempa mgongo msimamizi, aliendelea kupandisha mwiko, taratibu, hadi herufi zake zikaanza kufunikwa, ya mwisho kwanza, na P ikawa ya mwisho kuzama. Ukuta ukabaki mtupu. Moyo ulimpiga kama wa mtu aliyefunguliwa kamba.

Ndalahwa alikunja suruali, akaingia majini, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Akatoa msumari mfukoni.

"Fundi huweka jina, mama."

"Bwana Ndalahwa..."

"Tarehe ya leo."

Aliandika. Safari hii saruji ilikuwa nzuri, na kila mstari ulisimama pale alipouchora. Msimamizi alingoja hadi tarakimu ya mwisho, akachukua msumari wake.

"Mama!" Odeta aliita kutoka juu. "Uko wapi? Nimepata medali! Njoo uone!"

Alikuwa akirukaruka juu ya kalavati kwa furaha, miguu yote miwili kwa pamoja. Punje za udongo mwekundu zilidondoka kutoka dari la kalavati, moja baada ya nyingine, zikanasa katika herufi mbichi.