Kodi ya Nyongeza

Mimi ni Masika, muuza maharage na unga hapa Mugunga, kando ya barabara ya Sake, na nikwambie mapema: sina subira na mtu anayepima kopo kama anapima dawa. Kwetu Butembo nimelelewa nikijua kwamba kopo likishamiminwa, muuzaji anatia mkono guniani mara ya pili na kuongeza konzi moja. Hiyo ndiyo nyongeza. Mteja haiombi, anabaki tu ameushika mfuko wazi mpaka aipate. Asiyetoa nyongeza ana duka, ila hana biashara.

Miaka sita nimetoa. Kwa Donatille nilitoa konzi mbili. Donatille alikimbia vita kutoka vilima vya Masisi na watoto wanne, akakaa kambini, na kambi ilipovunjwa akabaki hapahapa kwa sababu nyumba ya kurudia haikuwepo. Anafulia watu nguo. Kila siku hununua kopo moja la maharage. Kopo linatosha vinywa vitatu, nao nyumbani ni watano, kwa hiyo zile konzi mbili ndizo zilizowalisha wawili waliobaki. Yeye alijua, nami nilijua, wala hatukuwahi kulizungumza.

Asubuhi moja akaingia Darius wa ofisi ya kodi. Namfahamu, tunasali parokia moja na yeye huimba kwaya. Alikuja na orodha ya bidhaa, akawa anazigusa kwa kalamu moja moja na kunitajia kiwango cha kila moja. Maharage, unga wa mahindi na chumvi ni vitu vya lazima, vina kodi ndogo. Sabuni, mafuta ya kujipaka na biskuti, kumi na sita kwa mia.

"Sabuni haiko ya lazima?" nikamuuliza. "Papa Darius, weye unaogaka na maharage?"

Alicheka sana. Maharage yangu yalikuwa kwenye kodi ndogo, moyo wangu ukatulia, na moyo wangu ukitulia mdomo haukai. Mteja mmoja akaja, nikampimia kopo, nikamtilia konzi yake. Darius akauliza ile konzi ya juu ilikuwa ya nini.

"Ile ni ya Mungu," nikasema. "Mimi sinyimaka mutu nyongeza. Tangu nilifungua hapa, miaka sita, hata siku moja!"

"Kila kopo?"

"Kila kopo, papa. Uliza batu."

Waswahili husema tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda wema nikasimama kuutangaza mbele ya mtu wa kodi. Darius aliandika, nami nikadhani anaandika bei ya chumvi.

Baada ya siku tatu karatasi ikafika. Maharage niliyouza, kodi ndogo. Maharage niliyotoa bure, hayo yametoka dukani bila kuandikwa popote, na kwa kuwa zawadi haimo katika orodha ya vitu vya lazima, yatalipiwa kumi na sita kwa mia, kwa miaka yote sita, na faini juu yake. Nilisoma mara mbili. Harage lile lile la gunia lile lile! Nikiliuza ni chakula, nikimpa mwenye njaa ni anasa. Jumla yake ilizidi thamani ya kila kitu kilichokuwa dukani, pamoja na mlango. Nisipolipa kwa wiki mbili, wangenifungia kwa kufuli lao. Mume wangu amekufa, shamba letu siwezi kulifikia, na duka hili ndilo lililobaki kuniita mtu. Nilikaa juu ya gunia nikalia mchana kweupe, wateja wananiona.

Jumapili nilimvizia Darius baada ya misa. Hakuweza kunitazama usoni.

"Mama, mimi niliandika ile ulisema. Lakini unaweza kukana. Sema ulijisifu tu. Ulete mushahidi, mutu anakuyaka kununua kwako kila siku, aape kama hautoaka nyongeza. Bataifuta karatasi."

Nani angeapa? Majirani wangu wote walikumbuka ghafla kwamba wana safari. Donatille ndiye aliyekuja mwenyewe, povu la sabuni bado mikononi.

"Nitaenda, mama."

"Utaapa uongo, Donatille? Weye mutu wa maombi?"

Alijifuta mikono kwenye kitenge, mmoja baada ya mwingine, muda mrefu. "Batoto bangu banakulaka ku mukono yako," akasema. "Mungu ataona ile."

Ofisini, mkuu wao, mama Léoncie, alimwekea Biblia mezani na kumuuliza kama mimi hutoa nyongeza. Donatille aliweka kiganja juu yake.

"Hapana," alisema. "Huyu mama ni wa roho mubaya. Miaka mbili namujua, hajaniongezea hata mbegu moja."

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi waligeuka kunitazama, na mmoja akacheka. Nikaulizwa kama ndivyo. Nikainamisha kichwa nikajibu kuwa ndivyo. Sijawahi kuona aibu ya namna ile maishani mwangu, na mwenye kunitukana ndiye aliyekuwa akiniokoa.

Mama Léoncie aliipiga ile karatasi mstari wa kuifuta. Nikaanza kumshukuru. Akaniinulia kidole.

"Tutaweka mutu kule kwako. Akiona mukono moja ya nyongeza, karatasi inarudi. Na huyu mushahidi atafungwa ju ya kiapo ya uongo."

Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa hakikuwa changu peke yangu.

Kesho yake mtu wao, Hilaire, aliweka kiti ng'ambo ya barabara, akakaa akitazama gunia langu. Donatille alikuja saa yake ya kila siku. Nilijaza kopo. Nikachukua kijiti nikalikata juu, jambo ambalo mama yangu angenichapa kwa kulifanya, na maharage ya ziada yakaanguka guniani. Nikammiminia. Yeye, kwa mazoea, akabaki ameushika mfuko wazi.

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia guniani bila kuniuliza, tena umejaa. Ng'ambo, Hilaire akasimama. Nikavifungua vidole humo humo ndani, nikautoa mkono mtupu.

Donatille aliuangalia, kisha akaufunga mfuko wake, taratibu, kwa fundo lililokaa chini kuliko la siku zote. Nilitamani anitukane tena, safari hii kwa dhati. Lakini alinisogelea, akaongea kwa sauti ndogo kama mtu anayemfariji mgonjwa.

"Usilie, mama. Sasa ile niliapa haiko tena uongo."