Kocha Menza na Helmeti Mbili

Na itangazwe kwa wakazi wote wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na kwa mataifa mengine yanayohusika, kwamba Jumamosi hiyo mchezo wa besiboli uliingia katika enzi yake ya dhahabu. Hivyo ndivyo alivyosema mwalimu mkuu wa chuo cha ufundi cha Likoni kwenye kipaza sauti, mkono mmoja kifuani. Wakati huo huo kocha msaidizi Menza alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja, akimsukuma mbuzi aliyelala juu ya kituo cha pili. Mbuzi hakuitambua enzi ya dhahabu. Menza alimbeba mzobemzobe hadi kwenye ua wa seng'enge, naye akamkojolea viatu. Makofi aliyopigiwa mbuzi yalizidi ya mwalimu mkuu.

Benchi la ufundi la timu ya chuo hicho lilikuwa na watu watatu. Kocha mkuu alikuwa Rashad, aliyewahi kucheza chuo kikuu huko bara akarudi na miwani ya jua ambayo hakuivua hata mvua iliponyesha. Wa pili alikuwa Salha, mwalimu wa ushonaji. Alifundisha kupiga, na mipira ikichanika aliishona upya kwa sindano ya magunia na uzi mwekundu. Wa tatu ndiye Menza, mkata nyasi wa chuo, aliyeanza kwa kuokota mipira iliyopotelea majanini na hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke. Mtaani kwake Majengo Mapya watu walimwita Fyekeo. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita Kocha, tena siku za sikukuu.

Asubuhi Rashad alikuwa amemvuta kando.

"Menza, ndugu yangu, unamwona yule mama chini ya mwavuli? Anaitwa Njeri. Chuo kikuu kimoja cha Nairobi kimemtuma kutafuta kocha. Tukishinda leo mimi nimekwenda, na kiti nakuachia wewe. Mwalimu mkuu ameshakubali."

"Na tukishindwa?"

"Tukishindwa timu inavunjwa. Mimi nitauza misumari dukani kwa mjomba. Wewe fyekeo lako unalijua."

Menza alilijua vizuri. Mpini wake ulikuwa umemchimba viganja hata akishika kikombe huonekana kama anayeshika kitu kingine.

Sasa, mchezo huu wa watu kurushiana jiwe lililoshonewa ngozi unataka mpigaji avae helmeti. Ligi nzima ya pwani ilikuwa nazo mbili. Ya buluu ilikuwa nzima. Nyekundu ilikuwa na ufa kutoka utosini hadi sikioni, umezibwa kwa gundi na utepe wa fundi umeme. Desturi ilikuwa kwamba helmeti hukaa kwa wenyeji, na msaidizi wa wenyeji ndiye huwagawia wapigaji wa pande zote mbili. Basi kila uwanja ulikuwa na ujanja uleule: watu wako unawapa nzima, mgeni hatari unampa ile nyingine. Wageni walinung'unika, wakarudi makwao, wakafanya vivyo hivyo zamu yao ilipofika. Hakuna aliyeuita ubaya. Waliuita ukarimu wa Likoni, au wa Kisauni, kutegemea nani anaumia.

Wageni wa siku hiyo walitoka chuo kimoja cha Kisauni, chini ya kocha Mwidani, bwana mwenye shingo nene kama gurudumu la rikwama. Nguzo yao ilikuwa kijana mrefu aitwaye Kalama, mrushaji na mpigaji wao mkuu. Mapema alimrushia mpira Ruwa, mrushaji wa wenyeji, ukamwingia mbavuni. Ruwa alitema mate mekundu. Watazamaji wakaanza kupiga mabati waliyokuja nayo: "Damu! Damu! Damu!" Rashad aliingia uwanjani akamtukana refa mama yake, na mama wa mama yake. Refa akamtoa nje ya ua. Tangu hapo ishara zote kwa mrushaji zilipaswa kupita mikononi mwa Menza.

Pande mbili zilikuwa sawasawa Kalama aliporudi kupiga. Alikuja kwa Menza kuchukua helmeti, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, kocha."

Kocha! Menza alisahau kuitikia. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye nyekundu.

"Hii imepasuka, baba."

"Ndiyo iliyopo."

"Na ile ya buluu?"

"Ina jasho. Naianika."

Kalama alicheka. "Haya. Zamu yenu ya kuja kwetu nasi tutawaanikia." Akaivaa, akaipigapiga kwa kiganja ikae, akaenda zake na rungu la mvinje begani.

"Menza!" Rashad alinong'ona kupitia seng'enge. "Huyo ndiye mrushaji wao wa pekee. Akitoka wamekwisha. Mpe Ruwa ishara. Sikio, halafu kifua."

Sikio maana yake kichwani. Kifua maana yake usikose.

"Kocha, amevaa nyekundu."

"Kampa nani?"

Menza aliitazama ile ya buluu miguuni pake.

"Basi. Kiti unakitaka hukitaki?"

Ruwa alikuwa amesimama juu ya kilima cha mrushaji, mkono mmoja umekumbatia mbavu, macho yamemtoka, akingoja. Mabati yalipigwa. Menza aliinua mkono, akavuta sikio. Akateremsha ule mkono hadi kifuani na kuukuta moyo ukigonga kama mtu aliyefungiwa chooni. Ruwa akatikisa kichwa kukubali.

Hapo Menza akaiokota helmeti ya buluu na kukimbia nayo uwanjani.

"Subiri! Refa, subiri! Nimempa siyo!"

Kalama aligeuka kumtazama. Mpira ukamkuta amegeuka.

Mlio ulikuwa wa nazi kugongwa kwenye ngazi ya simiti. Nyekundu ilipasuka vipande viwili, kila kimoja kikaenda upande wake. Kalama alisimama kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha akaanguka kifudifudi. Damu ilimtoka sikioni, nyembamba. Mguu wake wa kushoto ukawa unapiga teke vumbi, na yeye mwenyewe hakuwa na habari nao.

Mabati yakanyamaza. Kisha Kisauni yote ikashuka na marungu.

Wa kwanza alikuwa Ruwa. Rungu lilimpata kwenye mkono uleule aliorushia, na mkono ukapinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Mwingine alipigwa mdomoni akaokota meno yake kwa uangalifu, kama mtu anayechambua mchele. Watazamaji waliruka ua, wengine kuamua, wengi kuongeza. Mwalimu mkuu alishika kipaza sauti: "Amani, wapendwa, ama..." Kikanyakuliwa, kikampasua mtu paji la uso, na mlio wa chuma kugonga mfupa ukasikika uwanja mzima, kwa kuwa kilikuwa hakijazimwa. Ningecheka hapa kama kawaida yangu, lakini yule mtu alikaa chini akaanza kumwita mamake.

"Nani katoa ishara?" Mwidani alinguruma. "Nani?"

Nje ya seng'enge Rashad aliinua mikono yote miwili. "Mimi sikuwa uwanjani. Refa shahidi yangu. Muulizeni msaidizi."

Mwidani akageuka.

"Ni mimi," akasema Menza.

Ngumi ilimvunja pua. Alianguka, akainuka, akaanguka tena kwa teke. Hakujikinga. Watu wanne walikuwa wamemzunguka, Salha akawapenya akipiga mayowe: "Wee Mwidani! Wallahi mwapigana, na mtoto wa watu yuwafa pale! Kaiteni tuktuk!"

Menza alitambaa katikati ya miguu yao hadi kwa Kalama. Akaweka kile kichwa baina ya viganja vyake viwili, vidole nyuma ya shingo.

"Kisitikisike," alisema, damu ikimwingia mdomoni. "Mbebeni mwili. Kichwa niachieni mimi."

Waliingia tuktuk hivyo: Salha mbele akibanana na dereva, Kalama amelazwa kwenye kiti cha nyuma na miguu ikining'inia nje, Menza amepiga magoti sakafuni ameshika kichwa, na Mwidani amejibana pembeni. Hospitali kubwa iko ng'ambo. Barabara ya kwenda kivukoni ina mashimo, na kila tuktuk iliporuka shimo Mwidani alimpiga Menza. Alimpiga kisogoni, shingoni, sikioni. Menza hakuwa na mkono wa kujikinga. Mwili wake ulikwenda huku na huku, lakini kuanzia viwiko kwenda mbele hakikusogea kitu.

"Achia tukupige sawasawa!" Mwidani alipiga kelele, akilia waziwazi.

"Nikiachia atatikisika."

Kivukoni watu walipisha njia. Simu ikalia mfukoni mwa shati la Menza. Salha alinyoosha mkono, akaichomoa, akasikiliza.

"Ni Rashad," alisema bila kugeuka. "Refa ametupa sisi mechi, wageni wamekosa mrushaji. Yule mama wa Nairobi amemchukua. Asema kiti ni chako. Mwalimu mkuu angoja neno lako sasa hivi."

"Mwambie mikono yangu ina kazi."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Feri ilipofika katikati ya maji, upepo ukaingia ndani ya tuktuk, na Kalama akafumbua macho, akamtazama Menza, akasema, "Kocha."

Nilikuwa nimeandika hivyo, na nikapendezwa sana. Lakini Mwalimu Salha amesoma hadi hapa, akanitazama juu ya miwani yake. "Mwongo we. Mimi nilikuwamo. Hakufumbua."

Basi, nakiri. Hakufumbua. Feri ilifika upande wa pili, na mlango wake wa chuma ukateremka kwa kishindo. Mwidani aliinua ngumi, akaona kishindo kile kikipita kwenye mabega ya Menza, kikashuka mikononi, na kuishia kwenye viwiko. Pua ya Menza ilikuwa ikichuruzika juu ya uso wa Kalama. Mwidani akavua kofia yake, akaikinga chini ya ile pua. Dereva akatia gia.