Njia ya Wanaotembea Bure

Mwanga wa bahari yako uliingia nyumbani kwetu Cimpunda, mulimani juu ya ziwa, kwa simu, Bienfait. Ukamwagika kwenye ukuta wa mbao, ukamwagika kwenye uso wa mutoto ambaye hujamushika bado.

Bahari ya Mediteranea, ulisema. Njia nyembamba pembeni ya maji, toka Italia mpaka Ufaransa, misonobari juu, mawe meupe chini. Na wazee wenye kofia, fimbo huku na fimbo huku, wanatembea.

«Banaenda wapi?» mama yako Nsimire aliuliza, macho ndani ya simu.

«Habaendi fasi, maman, habaendi mahali popote. Banatembea tu. Kiisha banarudi.»

«Bila bidon? Bila mutoto mugongoni?» Alicheka mpaka akakaa chini. «Batu ba bure kabisa!»

Nami nilipanda mulima na bidon yangu ya maji, mutoto mugongoni, matope mpaka kwenye magoti, nikijidanganya: niko pembeni ya bahari, natembea bure, natembea na wewe.

Mutoto hakuwa na jina. Jina linatolewa na baba, na wewe ulisema: nikivuka mupaka, nitamupa. Ngoja nivuke. Basi tulimuita Papa Kidogo, tulimuita Wewe, tulimuita Njoo. Meno yakaota, jina halijafika.

Ukanunua kofia. Ukaokota fimbo. Ukajitia katikati ya wale wanaotembea bure, ili polisi wa mupaka wasikujue. Wakakujua, wakakurudisha.

«Walikujua namna gani?» niliuliza.

Ulicheka, lakini kicheko kilikuwa kimechoka: «Nilitembea kama mutu mwenye kuenda fasi, chérie.»

Ukasema utajaribu njia ya juu, kwenye mawe, kule wazee wa fimbo hawafiki. Ukasema: munibusie mutoto.

Tangu hapo simu iko kimya. Naichaji kwa jirani, inawaka, hauko. Mvua imekuja, hauko. Maharagi imetoa maua, hauko. Ee bahari nzuri, bahari ya watu wenye kupumzika, umemuweka wapi mutu wangu? Wale wanaokwenda na kurudi, hawajamuona? Hakuna hata mumoja aliyemusalimia?

Jumapili hii kulikuwa na ubatizo. Padri akauliza jina. Mama Nsimire hakuniangalia. Akasema polepole: «Mutoto aitwe Bienfait.»

Katika nyumba yenu, mutoto hachukui jina la baba mwenye kupumua. Wewe mwenyewe ulinieleza. Nilifungua kinywa niseme hapana, maman, bado, unipe wiki moja, wiki moja tu. Maji ilikuwa imeshashuka kwenye kichwa chake. Hakulia hata kidogo.

Tukatoka. Kule chini ziwa lilikuwa linang'aa, jua zima juu yake, na mimi sikuliangalia. Jirani yetu Bibiane alikuja wa kwanza kunipongeza, mikono wazi: «Proficiat, Mama Bienfait!»

Nikaitika.