Gauni Ambalo Hatukulifua

Mume wangu hakuunguza gauni la harusi la mtu yeyote. Nalisema mapema, kabla hujasoma mengine, kwa sababu huko mtandaoni nililisema mpaka vidole vikauma na hakuna aliyenisikia.

Sisi ni madobi. Duka letu ni chumba kimoja chenye milango miwili: nyuma kuna karo la kufulia na kamba za kuanikia, mbele kuna meza ya pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu na rafu za nguo zilizokunjwa. Mtaani wanamwita mume wangu Bwana Mstari, kwa ajili ya mstari anaoupiga kwenye suruali. Kinyozi wa mlango wa pili, mtu wa maneno mengi, husema nzi akitua vibaya kwenye suruali ile atakatika vipande viwili.

Kazi alifundishwa na baba yake, na marehemu alimwachia sheria mbili. Ya kwanza, kila mteja ana rangi yake ya uzi. Nguo ikiingia inashonewa alama ndogo pindoni, kwa ndani, isije ikaenda kwa mwingine. Mwalimu mstaafu ni kijani, mshonaji wa ng'ambo ya barabara ni nyekundu, mashuka ya nyumba ya wageni ni manjano. Rangi zote ruksa isipokuwa nyeupe, maana uzi mweupe kwenye nguo nyeupe hauonekani, na alama isiyoonekana si alama. Sheria ya pili: mteja akija na hasira, omba radhi kwanza, nguo mtaitazama baadaye.

Hiyo ya pili sikuipenda tangu naolewa. Lakini haki isemwe, dukani ilifanya kazi. Mtu anaingia anafoka, mume wangu anamwambia, "Tusamehe sana, tumekosa," anamvutia kiti, nguo inatandazwa mezani, wanainamia wote wawili. Mara nyingi doa linaonekana ni la wino wa kalamu ya mteja mwenyewe. Anaondoka anacheka kwa aibu, na wiki inayofuata analeta mapazia.

Kilichotuweka hapo dukani miaka yote ni mashuka ya nyumba ya wageni. Suruali na mashati hela yake inaishia kwenye sabuni. Mashuka ndiyo yaliyolipa pango. Kwa hiyo meneja wake, mwanamke mpole anayeniita shangazi, alipokuja na uso wa mtu aliyetoka msibani, niliacha ndoo nikamfuata mlangoni.

"Shangazi, wenye mali wamebadilika. Siku hizi kila mtu wanamtafuta kwanza kwenye simu. Dobi, fundi bomba, hata muuza mayai. Mwenye nyota chache wanaachana naye. Nimewaambia nyie hamna mfano, wakaniuliza, mbona hakuna mtu anayewasifu?"

"Kizuri chajiuza," mume wangu akasema.

"Hiyo ilikuwa zamani, baba. Sasa hivi hata kizuri kinajitembeza."

Akatufundisha pale pale, mkono mmoja juu ya fungu la mashuka. Tujiandikishe kama wenye duka. Tuwaombe wateja walioridhika watoe maoni wakiwa bado wameshika nguo safi, maana wakifika nyumbani wanasahau. Na mtu akilalamika, tumjibu upesi na kwa adabu, tusigombane naye. Mwisho wa mwezi wenye mali wataangalia, na wakiona nyota nne, mashuka yatabaki kwetu. Nilimshukuru kwa moyo wote. Mpaka leo sijaona neno baya hata moja katika aliyotufundisha.

Kumbe duka letu lilikuwa huko mtandaoni siku nyingi bila sisi kujua, na lilikuwa na maoni ya mtu mmoja. Mwanamke aliandika kwamba tulimuunguzia dada yake gauni la harusi, bibi harusi akalia mpaka wanja ukamchuruzika. Nyota moja.

Nilisoma nikacheka. Gauni la harusi si leso, jamani. Likiingia kwenye chumba kama chetu, sisi tunatoka. Halijawahi kuja. Palikuwa na dobi mwingine karibu na daraja, mlevi, aliyefunga akahama. Nikajua moja kwa moja mama huyu amebonyeza duka lisilo lake. Nikaenda kuanua nguo nikipanga maneno ya kumweleza. Niliporudi, mume wangu alikuwa anaweka simu mezani, uso wake umetulia.

"Mama watoto, nimeshamjibu yule dada."

"Umemjibu nini?"

Akanisomea taratibu, kidole chini ya kila neno. "Tusamehe sana, dada yetu. Tumekosa. Njoo dukani tulitazame gauni pamoja."

"Gauni gani? Wewe mwaka huu umeshika gauni la harusi?"

"Sijashika."

"Sasa unaomba radhi ya nini?"

"Ana hasira. Akija, tutaona."

Hakuja. Kule hakuna meza ya kutandaza nguo, hakuna kiti cha kumvutia mtu. Kulikuwa na "tumekosa" peke yake, limekaa pale kila mpita njia alisome. Mwanamke akajibu, "Afadhali wamekiri wenyewe." Wakaja wengine ambao hawajawahi kukanyaga mtaa wetu: mmoja akasema madobi wote ni wezi wa vifungo, mwingine akasikitikia bibi harusi, kila mmoja na nyota yake moja. Na mume wangu, kwa adabu zake, akawajibu wote. Tusamehe. Tumekosa. Nilipomnyang'anya simu, maji yalikuwa yameshamwagika.

Nikasema basi, nitapigana kwa ukweli. Kila mteja aliyechukua nguo nikamwomba atusemee. Hakuna aliyekataa, lakini wateja wetu ni watu wa simu za kubonyeza, za kupangusa wanaziona kwa wajukuu. Kwa hiyo wao wakasema, mimi nikaandika kwenye simu yangu, nikimfungulia kila mmoja akaunti kwa jina lake. Mwalimu mstaafu alisimama wima kama yuko darasani, akasema shati lake la miaka ishirini bado anaingia nalo mkutanoni. Mshonaji akasema nguo yake ya ndani kabisa humpa Bwana Mstari bila wasiwasi, tukacheka wote. Kinyozi akataka kuandikisha na habari ya nzi. Sikuongeza hata nukta. Nyota zikapanda, na jioni ile tulikula vizuri, tukazungumza mpaka za kupaka ukuta rangi.

Asubuhi hapakuwa na kitu. Maoni yote ya wateja wetu yamefutwa kwa sababu yametoka kwenye simu moja, na juu ya jina la duka pamebandikwa onyo kwamba hapa panashukiwa sifa za uongo. Yale ya gauni hayakuguswa. Nilikaa chini kwenye saruji, kati ya ndoo, nikalia kwa hasira. Mwongo mmoja ameaminiwa, na watu wazima wenye mvi wameitwa waongo.

Nilimtafuta yule mwanamke mpaka nikapata namba yake. Nikampigia nikiwa nimejiandaa kumtukana, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, kuna mtoto analia nyuma yake.

"Dada, duka mlilopeleka gauni lilikuwa karibu na daraja?"

"Mimi sikulipeleka mwenyewe. Huenda. Kulikuwa na daraja, ndiyo."

"Basi siyo sisi. Tafadhali ondoa yale maneno. Tunapoteza kazi."

Nikasikia anambembeleza mtoto.

"Sasa mama, kama siyo nyie, mbona mliomba msamaha? Mtu asiye na kosa anaomba msamaha wa nini?"

Swali lile lile nililomuuliza mume wangu mimi mwenyewe. Nikaanza kumweleza habari za baba mkwe na sheria zake, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojisikia nafanana na mwongo. Akanitakia siku njema, akakata.

Mwisho wa mwezi meneja alikuja mwenyewe kuchukua mashuka ya mwisho. Angeweza kumtuma mtu. Alisimama mlangoni, akasema, "Shangazi, si mimi," nikamwambia najua. Mume wangu alimbebea mafungu mpaka garini. Kinyozi, kutaka kutuchangamsha, akapiga kelele kutoka kwake, "Lisemwalo lipo, Bwana Mstari! Kama halipo, laja!" Hakuna aliyecheka, akarudi kwa kichwa alichokuwa anakinyoa.

Mwenye nyumba ameshatupa taarifa ya kuondoka. Nilikuwa nafungasha hanga na kukunja kamba, mume wangu amesimama mbele ya meza tupu, pasi imezimwa, kikopo cha nyuzi mkononi. Alikuwa anazigeuza moja moja.

"Mama watoto," akasema, "lilikuwa na lesi mabegani."

"Nini?"

"Lile gauni. Lesi mabegani, na vifungo vidogo vidogo mgongoni. Sehemu iliyoungua ni hapa, ubavuni." Akajigusa ubavu. "Nadhani pasi ilikuwa na moto sana. Nilikuwa nimechoka."

"Baba watoto, gauni hilo halijawahi kuja hapa. Nenda katazame alama zote kichwani mwako. Uzi wake ulikuwa rangi gani?"

Akatazama ndani ya kikopo. Mikono yake, ambayo inajua shati la kila mtu mtaani hata gizani, ilikuwa inatafuta.

"Nililishonea uzi mweupe," akasema. "Ndiyo maana hatukumbuki."

Kisha akaniomba simu, amwandikie yule dada vizuri, safari hii amweleze ilivyokuwa.