Lionel na Majani ya Ndege

Mimi ndiye niliyeanzisha ule mchezo, nisimsingizie mtu. Wakati wa vita vya Hitler kikosi chetu cha ndege kilikuwa Norfolk, Uingereza, na kazi yetu ilikuwa kupiga mabomu mchana kweupe, ndege zikikaribia kulamba mawimbi, Mjerumani asituone mpaka tumfikie. Ukipanda juu kidogo tu, mizinga inakuchana. Basi kwenye mazoezi nikaweka sheria: anayerudi bila jani lililonasa tumboni mwa ndege, anakula amesimama.

Lionel Catchpole alikula amesimama wiki tatu. Nikambandika jina la Askofu, eti anapenda kukaa karibu na Mungu. Wenzetu wanacheka, yeye anatafuna viazi vyake. Wiki ya nne akashuka kutafuta jani, akaugonga mti mkubwa kando ya shamba la shayiri, maili mbili kutoka uwanjani. Akafa papo hapo, yeye na mwenzake aliyekuwa akimsomea ramani. Mkubwa wetu akamwandikia mjane kwamba ni mizinga ya adui, huko baharini, nasi tukafyata ndimi.

Miaka ishirini baadaye, Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, Muriel, yule mjane, alinivuta kando nje ya kanisa.

"Shemeji Reg, mwanangu Roland ameshatia saini jeshini. Jumanne anakwenda kujifunza urubani. Anataka kuruka chini kama baba yake."

"Si jambo la fahari hilo?"

"Fahari gani? Koti la Lionel waliloniletea lilijaa magome ya mti mifukoni. Baharini kuna miti? Nimenyamaza miaka yote hii. Leo mwambie mwanangu baba yake alikufaje. Wewe atakusikia."

Nikamwahidi, na kweli nilikusudia.

Tukaketi kula, wazee wote wa kikosi mezani. Roland akaniuliza, "Ami, hivi baba alikuwa akiruka chini kiasi gani?"

Nyuso zote zikanigeukia. Niliogopa aibu, basi. Sina sababu nyingine.

"Alitushinda sote," nikasema. "Ilibidi mizinga mitatu ndiyo imuweze."

Wazee wakapiga makofi. Roland machozi yakamlengalenga kwa furaha.

Muriel aliweka uma chini, akaniinamia sikioni. "Jumanne utampeleka stesheni wewe. Na barua kama niliyoletewa mimi ikija, utanisomea wewe."

Nilimpeleka. Njia nzima alikuwa akinishukuru.