Inchi Nane kwa Mzunguko Mmoja

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, pikapu ya shamba la maua ingesimama mbele ya posta ya Nyeri kuchukua wasichana wa kwenda Timau. Wachuka angeipanda, au asingeipanda. Yote yalitegemea kipanya cha kompyuta, na Murugi, mama yake, hakuwa amewahi kukishika maishani.

Murugi alikuwa fundi wa nguo nyuma ya soko. Binti yake mkubwa, Wangui, alikwenda Timau kukata maua akisema ni kwa miezi mitatu tu, na huu ulikuwa mwaka wa nne hajarudi. Kwa hiyo Wachuka alipoleta karatasi ya chuo kipya cha kompyuta, iliyosema kwamba mshindi mmoja wa shindano la mchezo angesomea diploma bila kulipa karo, Murugi hakuuliza ni mchezo gani. Alipokuja kuuliza, Wachuka alikuwa tayari amefika kwenye wanane wa mwisho.

"Ni wa risasi, Mami. Unatembea ndani ya jumba, ukimwona mwenzako unampiga."

"Mwenzako nani?"

"Yule ako kompyuta ile ingine."

Murugi aliwaza kidogo kuhusu akina mama wa kanisa na watakavyolipokea jambo hilo. "Na yeye akikuona kwanza?"

"Ananipiga."

"Basi muone kwanza," alisema Murugi, akarudi kwenye cherehani. Lakini usingizi ulimpaa siku hiyo na siku zilizofuata.

Alhamisi alifunga chumba cha kushonea mapema akaandamana na Wachuka kwenda mazoezini. Chuo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Meza ya mbele ilikuwa na kompyuta mbili, nambari nne na nambari tano, zilizotengwa kwa ajili ya fainali, na kila mshindani aliruhusiwa nusu saa hapo. Mwalimu wa chuo, Gicheru, kijana mpole mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, aliwaketisha kwenye nambari nne.

Murugi alisimama nyuma ya kiti akatazama binti yake akifa. Alikufa mara saba kwa dakika kumi. Kila mara ilikuwa vilevile: adui anatokea kwenye mlango wa kulia, Wachuka anashtuka, anageuza kipanya, na ule msalaba mdogo wa kulengea unampita adui na kwenda kutazama ukuta. Akiurudisha, unapita tena upande wa pili.

"Mbona unampita?"

"Sijui, Mami! Nikienda polepole ni sawa. Nikiharakisha inaruka."

Jibu hilo lilimkaa Murugi vibaya. Kitu kinachobadilika vipimo kikiharakishwa hakikuwa kitu cha kuaminiwa. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake kama siku zote. Aliutoa, akachomoa kipande cha chaki mfukoni, akachora mstari mezani kando ya kipanya.

"Anzia hapa. Zunguka polepole mpaka uone tena dirisha lile uliloanza nalo."

Wachuka alizunguka. Murugi alichora mstari wa pili, akapima. Inchi tisa.

"Sasa haraka, kama mtu amekuja."

Inchi nne. Walirudia, ikawa tano. Wakarudia tena, nne na nusu. Meza ilijaa mistari.

"Mwalimu," Murugi aliita, "hii kitu yenu inapima kama lastiki."

Gicheru alikuja akacheka, lakini si kwa dharau. "Hapana, Mama. Hiyo ni kuongeza kasi. Mkono ukienda mbio, kompyuta inakuongezea mwendo."

"Nani aliiomba iongeze?"

"Imekuja hivyo tu. Wengi wanaipenda."

"Inazimwa?"

"Inazimwa. Na wepesi wenyewe unaweza kuupunguza au kuuzidisha. Siku ya shindano kila mtu atapewa dakika mbili ajipangie."

"Zima."

Gicheru alifungua ukurasa wa mipangilio, akazima. Kisha wakaanza kusogeza ule mshale wa wepesi, nywele kwa nywele, wakipima kila mara, hadi mzunguko mmoja kamili ukawa inchi nane, mkono ukienda polepole au mbio. Wachuka alikuwa amekata nguo pamoja na mama yake tangu darasa la tano. Inchi nane alizijua. Kugeuka nyuma ni inchi nne. Pembe ya mlango ni mbili, upana wa pindo la sketi ya shule.

Adui alitokea mlango wa kulia. Mkono wa Wachuka ulisogea upana wa pindo, ukasimama. Adui akaanguka.

"Eh!" alisema Gicheru.

Mshindani mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alichungulia namba za wepesi. "Ati hiyo? Hiyo ni trekta! Huyu atageuka mpaka wiki ijayo."

"Wewe jali yako," Murugi alimjibu. Kabla ya kuondoka alifuta mistari yote kwa kiganja, akapuliza meza. Hakupenda kuacha uchafu kwa watu.

Ijumaa chuo kilifungwa ili wapambe ukumbi. Wachuka alifanya mazoezi kwenye meza ya kukatia nguo, akiwa amefumba macho, akisukuma kipande cha sabuni kama kipanya. Murugi alishona huku akiita. "Kulia!" Inchi mbili. "Nyuma!" Inchi nne. "Kushoto, na uko na haraka!" Alipima kila kosa. Jioni mkono ulikuwa haukosei. Kwenye kona begi la Timau lilikuwa limekwisha kufungwa, kwa sababu ilibidi lifungwe.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Raundi za kwanza zilichezwa kwenye kompyuta za nyuma. Wachuka alimtoa mmoja, akamtoa wa pili. Saa nane mchana walibaki wawili: yeye na Muchangi, kijana aliyetoka Embu, mwenye shati la kupigwa pasi vizuri. Muchangi alipenda wepesi wa juu kabisa. Mkono wake haukutoka nafasi ya inchi moja. Aligeuza dunia yote kwa kifundo cha mkono. Murugi alikuwa amemwona akicheza raundi iliyotangulia.

Shilingi ilirushwa. Muchangi alipata nambari nne, Wachuka nambari tano. Atakayefikisha alama kumi kwanza ndiye mshindi. Mkurugenzi wa chuo, Bwana Mutahi, aliwataka wazazi wasimame nyuma ya kamba.

Walipoanza, Murugi hakuamini. Wachuka alipata moja, mbili, tatu. Muchangi alikuwa akishindwa kulenga kabisa. Mkono wake ulisogea lakini msalaba wake ulikwama, kisha ukaruka. Alama zikawa sita kwa mbili. Watu walishangilia, na Murugi alishangilia pamoja nao mpaka alipomwona Muchangi akiinua kiganja chake, akakitazama, akakipangusa kwenye suruali. Alidhani ni jasho. Alijaribu tena, akakosa, akakipangusa tena, kwa nguvu zaidi, kama anayetaka kukichuna ngozi.

Murugi alitazama meza ya nambari nne. Ilikuwa safi. Aliifuta mwenyewe.

Ndipo alipokumbuka. Aliifuta meza, lakini kipanya kilikuwa kimepita juu ya chaki ile mara thelathini. Kilikuwa na kigololo tumboni, kilichobingirika juu ya meza kila kiliposogezwa. Alikiona Alhamisi, Wachuka alipokipindua kipanya. Na Murugi alijua chaki ya fundi ilivyo. Ina nta. Ikiingia kwenye cherehani, haitoki mpaka ufungue.

Saba kwa mbili.

Hakuna aliyejua. Angenyamaza kwa dakika tatu tu na Jumatatu pikapu ingeondoka bila Wachuka. Muchangi angerudi Embu akiamini mkono wake ulimwangusha. Kwani angekufa? Watu hawafi kwa hilo. Murugi aliuma mdomo. Alijiambia kwamba hana hakika. Alijiambia kwamba huenda kweli ni jasho. Saba kwa tatu. Kijana alipangusa kiganja tena, na safari hii alikuwa amekwisha kukata tamaa; mabega yalikuwa yameanguka.

"Simamisheni!" alisema mtu, na Murugi aligundua kuwa ni yeye.

Bwana Mutahi aligeuka. "Mama, tafadhali. Nyuma ya kamba."

"Hicho kipanya kiko na chaki. Yangu. Nilipimia hapo Alhamisi."

Wachuka aliacha kucheza akamgeukia. Murugi hakuweza kumtazama.

"Mama," Bwana Mutahi alisema kwa sauti ya chini, "binti yako anaongoza. Una hakika unataka kusema hivyo?"

"Nimeshasema. Fungueni."

Gicheru alikigeuza kipanya, akatoa kigololo. Vigurudumu vya ndani vilikuwa vimezungukwa na utando mweupe mzito wa chaki. Alivikwangua kwa ukucha, na vipande vikaanguka mezani.

"Huyu mama ameroga panya!" mtu alipaza sauti huko nyuma, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Muchangi hakucheka. Alitazama kiganja chake, kisha akamtazama Murugi, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Waliamua waanze upya, sufuri kwa sufuri.

Safari hii Murugi hakutazama kioo cha kompyuta. Alitazama mkono wa binti yake tu. Inchi mbili. Nne. Mbili tena. Hakuna mahali ulipokosea. Lakini mkono wa pembeni, ule uliosogea kidogo tu, ulikuwa wa haraka, Mungu wangu, na kelele za watu zilikwenda huku na huku mpaka hakujua ni za nani. Nane kwa nane, mtu alisema. Tisa kwa nane. Kisha mkono wa Wachuka ulisimama mezani na haukusogea tena.

Kumi kwa nane, Muchangi.

Wachuka hakusema neno njiani. Hakusema neno Jumapili, wala kanisani, wala mezani. Alikula, akaosha vyombo, akalala akiwa amegeukia ukuta. Murugi alishona sketi tatu ambazo hazikuwa na haraka.

Jumatatu kulikuwa na ukungu. Walisimama mbele ya posta na wasichana wengine wanne, kila mmoja na begi lake, na taa za pikapu zilipotokea upande wa chini, Wachuka aliongea mara ya kwanza.

"Mami, mimi ningenyamaza."

"Najua."

"Hata ningejua ni chaki, ningenyamaza. Nataka ujue hivyo."

"Najua, Wachuka. Ndiyo sababu nilisema mimi."

Wachuka hakumkumbatia, lakini alimpa begi alishike alipokuwa akipanda, kisha akalichukua. Pikapu iliondoka. Murugi alingoja mpaka taa za nyuma zikamezwa na ukungu.

Hakwenda sokoni. Alipanda ngazi zilizo kando ya duka la dawa za mifugo mpaka kwenye mlango wa chuo, akajaribu kitasa, akakuta kumefungwa, akaketi kwenye ngazi ya juu. Hakujua atamwambia Bwana Mutahi nini. Alijua tu kwamba nafasi ile ilikuwa mikononi mwa binti yake, na kwamba ni yeye mwenyewe, mama yake, aliyeitoa. Chuo kingefunguliwa saa mbili. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.